Bati la Kyerwa na Vitabu Visivyofika Kayanga

Ukifungua inveta yoyote iliyotundikwa ukutani mwa nyumba ya Karagwe au Kyerwa, utakuta vipuri vidogo vyeusi vimeshikizwa kwenye kibao chake kwa matone ya metali inayong'aa. Metali hiyo ni lehemu, na kiungo chake kikuu ni bati. Sizungumzii bati la kuezekea nyumba, bali madini ya bati, yale yanayochimbwa Kyerwa tangu enzi za Waingereza. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu. Kwa hiyo mawe ya Kyerwa huondoka kwa kilo, na pengine chembe zake hurudi kwetu ndani ya kifaa kilichofungwa kwa skrubu. Tunakinunua kwa fedha za kahawa, na kikiharibika hatuwezi kukisoma.

Nasema "kukisoma" kwa makusudi. Hoja yangu ni kwamba elimu ya elektroniki ya nguvu, yaani elimu ya vifaa vinavyobadilisha umeme kutoka hali moja kwenda nyingine, imekuwa suala la haki ya kiuchumi katika wilaya hizi mbili. Maandiko yake yapo, na mengi hayalipiwi hata senti. Kilichokosekana ni uamuzi wetu wa kuyafikisha kwa fundi, na kwa lugha anayofikiri nayo.

Mimi si mhandisi. Taaluma yangu ni ya siasa na jamii, na nisingeandika makala haya kama nisingepewa somo na kijana aliyeishia kidato cha nne, tena uani kwa mama yangu mzazi.

Msimu wa kahawa uliopita nilimnunulia mama mfumo mdogo wa sola wa kumsaidia umeme unapokatika: paneli ya wati 100, betri, inveta, na kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita chaji kontrola. Kibandiko cha kifaa hicho kilisema ni cha aina ya MPPT, na muuzaji akaapa kuwa ndivyo. Nikalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kile cha kawaida, nikaondoka nikijiona mtu makini. Baada ya wiki chache mama akanipigia simu: betri haijai, taa zinafifia kabla ya taarifa ya habari ya usiku.

Tulimwita fundi kutoka Omurushaka. Alikuja na mita na daftari. Adhuhuri, jua likiwa kali, alipima ampea zinazoingia kwenye kontrola kutoka kwenye paneli, kisha akapima zinazotoka kwenda kwenye betri. Zilikuwa sawa, tano na ushee kila upande. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayesita kumwaibisha mkubwa wake.

"Mwalimu, hiki ni MPPT kwa kibandiko tu. Ndani si chenyewe."

Maelezo yake yalikuwa sahihi, nami nimeyahakiki baadaye kwa wenzangu wa uhandisi. Paneli ya wati 100 hutoa nguvu yake kamili ikiwa kwenye volti 18 hivi na ampea tano na nusu. Kontrola ya kawaida huiunganisha paneli moja kwa moja na betri, hivyo huilazimisha kushuka hadi volti za betri, tuseme 13. Zidisha 13 kwa tano na nusu, unapata wati 72 hivi. Zaidi ya robo ya paneli uliyoilipia imepotea. MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti zake 18, kisha hushusha volti na kupandisha ampea, kama mtu anayevunja noti bila kupoteza thamani yake. Zikiingia ampea tano na nusu, zitatoka saba hivi. Kwa hiyo ampea zinazotoka zikiwa sawa na zinazoingia wakati jua ni kali na betri bado haijajaa, umeuziwa jina. Kipimo hicho huchukua dakika tano, na msingi wake uko katika sura za mwanzo za kitabu chochote cha elektroniki ya nguvu. Jiulize ni wakulima wangapi wamelipia jina hilo, nao hawana fundi mwenye daftari.

Nikamwomba nilione daftari lenyewe. Kurasa zilijaa michoro aliyoinakili kutoka kwenye video za wageni, na maneno aliyoyaandika kama alivyoyasikia. Pembeni mwa mistari mingi alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Akaniambia sentensi ambayo sijaisahau: "Naona wanachofanya, ila sijui kwa nini wanakifanya." Kisha akanionyesha kovu kwenye kiganja. Siku moja alifungua inveta iliyokwisha kuzimwa na kuchomolewa, akagusa kapasita. Hakuna video iliyokuwa imemwambia kwamba kapasita za ndani ya inveta ya volti 230 zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na kwamba ni lazima azimalize chaji na kuzipima kabla ya kugusa chochote. Alipona. Mwingine huenda asipone.

Hapo ndipo vitabu vinapoingia. Video humwonyesha fundi mkono wa mtu mwingine. Kitabu humpa sababu, na fundi mwenye sababu anaweza kutengeneza hata kifaa ambacho hakijawahi kuonyeshwa kwenye video yoyote.

Kiini cha elimu yenyewe si kigumu kukieleza. Ukitaka kuchaji simu ya volti 5 kutoka kwenye betri ya volti 12 kwa njia ya zamani, utaweka kizuizi kati yao, na volti 7 zitageuka joto. Umetupa zaidi ya nusu ya nguvu yako. Elektroniki ya nguvu hutumia swichi badala ya kizuizi. Swichi iliyo wazi haipitishi ampea. Iliyofungwa haina volti za kupoteza. Nguvu ni zao la volti na ampea, na mojawapo ikiwa sifuri hakuna kinachopotea. Basi funga na fungua swichi hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, na ulainishe matokeo kwa koili na kapasita, utapata volti unazozitaka kwa hasara ndogo sana. Wazo hilo moja limo ndani ya chaja ya simu, inveta, mashine ya kisasa ya kuchomelea, na pikipiki ya umeme. Lilianza kuenea baada ya kampuni ya General Electric ya Marekani kutengeneza thairista mwaka 1957, kijenzi kilichowezesha umeme mkubwa kudhibitiwa bila swichi ya kusogea.

Sasa, asome nini kijana huyu? Nimewauliza wenzangu wanaofundisha somo hili, nami naleta majibu yao kwa mpangilio wa ngazi, kwa sababu kosa kubwa la anayejifunza peke yake ni kuanzia katikati.

Ngazi ya kwanza ni msingi wa umeme. Kitabu kinachopendekezwa ni Lessons in Electric Circuits cha Tony Kuphaldt, Mmarekani. Juzuu ya kwanza inahusu mkondo mnyofu, yaani umeme wa betri. Ya pili mkondo geu, yaani umeme wa TANESCO. Na ya tatu semikondakta, yaani diodi, transista na jamaa zake. Kinapatikana bure mtandaoni, na leseni yake inaruhusu yeyote kukinakili, kukirekebisha na kukisambaza. Kwa maneno mengine, tunaruhusiwa kukitafsiri kwa Kiswahili bila kumwomba mtu. Tumekuwa na ruhusa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Ngazi ya pili ni sola yenyewe. Mark Hankins, aliyefundisha sekondari ya vijijini Kenya katika miaka ya 1980, aliandika Solar Electric Systems for Africa, kitabu kinachoeleza mfumo wa nyumba, zahanati na shule kwa mazingira ya kwetu: hesabu ya mzigo, unene wa waya, utunzaji wa betri. Bei na vifaa vimebadilika tangu kilipochapishwa, lakini hesabu zake hazijazeeka.

Ngazi ya tatu ni elektroniki ya nguvu kwa mwanafunzi wa stashahada na shahada. Power Electronics cha Daniel Hart ndicho chepesi zaidi kuanzia. Kile cha Muhammad Rashid, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1988, kina mifano mingi iliyokokotolewa hatua kwa hatua. Kile cha Mohan, Undeland na Robbins kinapendwa kwa namna kinavyounganisha nadharia na matumizi. Anayetaka kubuni vifaa, na si kuvitengeneza tu, atafika kwa Erickson na Maksimović, Fundamentals of Power Electronics. Vitabu hivi vipya ni ghali. Baadhi huzidi dola 100, fedha ambazo fundi wa Nkwenda hawezi kuzitoa. Lakini Barry Williams wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, ameweka kitabu chake kizima, Principles and Elements of Power Electronics, mtandaoni bila malipo. Chuo cha MIT cha Marekani kimeweka wazi mihadhara yake ya somo hili, na mpango wa NPTEL wa vyuo vya uhandisi vya India umefanya vivyo hivyo.

Ngazi ya nne husahauliwa, nayo ndiyo inayomfaa fundi kila siku: karatasi za maelezo zinazotolewa bure na watengenezaji wa vipuri kama Texas Instruments na Infineon. Kila transista ina namba mgongoni. Namba hiyo ukiiandika kwenye simu utapata karatasi inayoeleza volti na ampea zake za mwisho, na mara nyingi mchoro wa saketi ya mfano. Fundi anayeweza kusoma karatasi hiyo hatabahatisha tena kwa kuweka kipuri kinachofanana kwa sura. Na kabla ya kuwasha kifaa cha kweli anaweza kukijaribu kwenye programu ya bure kama LTspice, ambako kosa haliunguzi kitu.

Orodha hii ina kasoro moja, nawe umekwisha kuiona: yote ni Kiingereza. Wapo watakaosema vijana wajifunze Kiingereza kwanza. Nakubali kwamba fundi anahitaji Kiingereza cha kazi yake, hasa kwa zile karatasi za maelezo. Lakini tukimwambia aifahamu lugha kabla ya kuufahamu umeme, tunamwekea mlango nje ya mlango, na wengi huishia kwenye ule wa kwanza.

Wapo pia watakaosema fundi hahitaji kitabu, kazi hufundishwa kwa mkono. Watatoa mfano wa Chuo cha Barefoot kule Kinyasini, Unguja, ambako wanawake wa vijijini, baadhi yao wasio na elimu kubwa ya darasani, hufundishwa kuunganisha na kutunza mifumo ya sola, nao huifanya kazi hiyo vizuri. Mfano huo ni wa kweli na naupenda. Lakini ujuzi wa mkono hutegemea mkono uliopo. Mwalimu akiondoka, au kifaa kikibadilika, mwanafunzi hubaki na alichokishika jana.

Karagwe inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, ufalme ule ulikuwa na hazina ya vitu vya chuma, wakiwemo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa ustadi mkubwa. Ndagara, mmoja wa watawala wake, anakumbukwa kama mhunzi. Vitu hivyo vilibaki Bweranyange hata baada ya ufalme kudhoofika, na watu waliviona na kuviandika. Namna vilivyotengenezwa haikuandikwa na waliovitengeneza. Mnyororo wa mikono ulipokatika, ujuzi ukaenda nao.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Maendeleo la Karagwe, KARADEA, lilikuwa na kituo cha kufundishia mafundi wa sola. Vijana walitoka mbali kuja kujifunza Karagwe jambo ambalo miji mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa bado hailijui. Wakati huo sola ilikuwa jambo la wachache. Leo iko kwenye kila duka la Kayanga, Isingiro na Murongo. Kama kila darasa la kituo kile lingeacha nyuma yake kijitabu kimoja cha Kiswahili, kijana wa Omurushaka asingelazimika kunakili video huku akiweka alama za kuuliza. Wahenga walituonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati huohuo umeme wenyewe unazidi kutusogelea. Kwa miaka mingi Kagera imetegemea umeme wa Uganda unaoletwa kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Sasa mto Kagera wenyewe unazalisha: Rusumo megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na Kikagati–Murongo, mpakani mwa Kyerwa na Uganda, megawati 14 zinazogawanywa kati ya nchi mbili. Umeme utaongezeka, na vifaa vya kuubadilisha vitaongezeka zaidi. Swali ni nani atavitengeneza, na nani atatambua vya bandia.

Napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni kwa halmashauri zetu mbili. Kila moja itenge kompyuta moja yenye maandiko yote ya bure niliyoyataja, yakiwa yamehifadhiwa ndani ili yasomwe bila bando, na printa ya kuchapa kurasa. Iwekwe mahali mafundi wanapofika kwa miguu, Kayanga na Nkwenda, si ofisini ambako kijana mwenye mafuta mikononi huulizwa ametumwa na nani.

La pili ni kwa maofisa maendeleo ya jamii. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na kati ya hizo asilimia 4 ni za vijana. Kikundi cha mafundi kikileta andiko lenye mita, vifaa vya usalama na vitabu, msikifute kitabu kwa kuwa eti si kitendea kazi. Kwa fundi wa elektroniki, kitabu kina kazi ileile ya jembe kwa mkulima.

La tatu ni kwa Wizara ya Elimu na wenzangu wa vyuo vikuu. Mkondo wa amali katika sekondari ulianza kutekelezwa Januari 2024. Amali bila vitabu itakuwa jina jipya la kazi za mikono. Na sisi wahadhiri tuseme ukweli: hupandishwa vyeo zaidi kwa makala katika majarida ambayo hakuna fundi atakayeyasoma kuliko kwa kijitabu cha Kiswahili ambacho kingeokoa kiganja cha mtu. Vigezo hivyo tuliviandika wenyewe, tunaweza kuvibadilisha.

La nne ni kwa redio. Radio FADECO ya Karagwe imefanya mengi kwa elimu ya mkulima. Nusu saa kwa wiki ya kusoma na kueleza ukurasa mmoja wa umeme, fundi akiuliza na mhandisi akijibu, itafika ambako kompyuta haitafika.

Nami, ili nisiwe wa kusema tu, nimeanza. Nimetafsiri sura moja, nikaichapa na kumpelekea yule kijana aihakiki. Kuna istilahi inayotaja sehemu ya muda ambao swichi hubaki imefungwa. Kwa fahari ya shahada zangu niliiita "mzunguko wa wajibu". Alicheka hadi akafuta machozi.

"Mwalimu, wajibu wa nani? Sema uwiano wa kuwaka. Hapo kila fundi atakuelewa."

Nimekata neno langu na kuandika lake. Sura ya pili ameniomba niiache kwake wiki nzima, maana anataka kuinakili kwenye daftari, safari hii akiandika majibu mahali alipokuwa ameweka alama za kuuliza. Nawaomba wahandisi wazaliwa wa Karagwe na Kyerwa, popote mlipo, mchukue sura moja moja. Zimebaki nyingi, na mimi ni mwanasiasa wa vitabuni tu, nitakosea tena.